Sakafu ya Dada Borghild

Dada yangu mpendwa na mheshimiwa Borghild,

Pokea salamu zangu za heshima kutoka katika nyumba ya wazazi wetu, jikoni, kwenye kiti kilichokuwa chako, ambacho naomba radhi kwa kukikalia. Natumaini barua hii inakukuta ukiwa na afya, nyonga ikiwa imetulia, na kahawa ya huko ikiwa imeanza kunyweka. Mimi mdogo wako ni mzima, ukiondoa magoti.

Niwie radhi kwa kuchelewa kuandika. Ni majuma sasa muuguzi ananiambia kwenye simu kwamba hutaki kusema nami, na sikulaumu. Mara kadhaa nimeanza barua ya kujieleza, na kila mara imekuwa ndefu kwa udhuru na fupi kwa ukweli. Kwa hiyo nakutumia shajara yenyewe, niliyoiandika tangu Agosti kwa nia ya kukusomea utakaporudi. Sikufuta kitu, hata pale nilipokosa adabu. Nakusihi usome hadi mwisho kabla hujaamua, kwa kuwa mwishoni kuna swali, na jibu lake linatakiwa leo.

18 Agosti

Amekuja Bi Unni, mtaalamu wa manispaa anayekagua kama nyumba za wazee zinakalika. Nilimwandalia kahawa na keki, lakini alikwenda moja kwa moja bafuni, akasimama mbele ya beseni la kuogea ambalo ukingo wake ndio uliokuvunja nyonga mwezi Juni.

“Mzee Ommund, humu haingii mtu mwenye fremu ya kutembelea,” alisema. “Hili beseni liondoke. Kizingiti kiondoke. Sakafu iwe moja, tambarare mpaka kwenye bomba la mvua, na maji yateremke yenyewe kwenye tundu.”

Kisha akanieleza jambo lenyewe. Chumba ulichopewa kwenye makao ya wazee huko ng’ambo ya ghuba ni cha muda, hadi mwisho wa Novemba. Baada ya hapo, ama unarudi nyumbani penye bafu unaloweza kuingia bila kuinua mguu, ama unapewa chumba cha kudumu. Nilimwuliza ni wangapi waliowahi kurudi kutoka chumba cha kudumu. Alikunywa kahawa yake yote.

Nimewapigia simu mafundi wote wa vigae wa upande huu wa maji. Wote wana kazi hadi baada ya Pasaka. Nikamwambia Bi Unni kwamba nitaifanya mwenyewe. Alitazama mikono yangu, halafu, kwa heshima, akatazama dirisha.

20 Agosti

Mvua. Beseni limekataa kupita mlangoni.

21 Agosti

Limepita, pamoja na fremu ya mlango. Nimeliacha kwenye nyasi. Arvid, jirani yetu wa chini, yule uliyemkataza kuvuta sigara karibu na shuka zako, alisimama kwenye ua akacheka hadi akakohoa.

“Mchungaji! Umeamua kuogea nje kama kondoo?”

Unajua ananiita hivyo kwa sababu nilisoma shule ya misheni na kwa sababu najua anachukia kanisa. Nilimjibu kwamba hali ya hewa ni nzuri kiasi. Ilikuwa ikinyesha kama mifereji. Mtu yule alipanga magari kwenye feri maisha yake yote, na bado anaongea kana kwamba kila mtu yuko upande wa pili wa sitaha.

2 Septemba

Fundi wa umeme amekuja kulaza nyaya za kupasha joto sakafu, kwa kuwa sheria hainiruhusu kuzigusa. Alinitakia kila la heri kwa sauti ya mtu anayeaga msibani. Juu ya nyaya nimemwaga zege jembamba.

9 Septemba

Nimepaka utando wa kuzuia maji, tabaka la kwanza. Nimeupaka pia kwenye suruali na kwenye kitasa.

13 Septemba

Siku ya kuteremsha kondoo kutoka mlimani. Kwa mara ya kwanza sikwenda. Niliwasikia wakipita na kengele zao nikiwa nimepiga magoti, nabandika vigae vyeupe vya ukutani, safu ya nne.

28 Septemba

Kuta zimekwisha. Naomba uniruhusu kujisifu kidogo: mistari imenyooka kama beti za tenzi. Tordis angekuwa hai asingeamini. Miaka yote ya ndoa yetu yeye ndiye aliyepigilia misumari, kazi yangu ikawa kushika taa.

Karibu mwezi mzima umekwenda kwa kuta hizi. Mvua haijakatika.

4 Oktoba

Nimemwaga ndoo ya maji sakafuni kujaribu mteremko. Maji yalisimama kidogo, yakafikiri, kisha yakaelekea mlangoni, yakapita kwenye ukumbi hadi chini ya kabati la mama. Arvid alikuwa akipita na kichwa chake kikaingia dirishani.

“Unabatiza sakafu, Mchungaji?”

“Ninajaribu mteremko, bwana Arvid, ahsante.”

“Basi imeokoka. Ona inavyokimbia kwenda kuhubiri.”

Nilifunga dirisha. Sikulifunga kwa adabu.

5 hadi 17 Oktoba

Nimejaza upya, nimesugua, nimepaka utando upya. Asubuhi nashika kikombe kwa mikono miwili. Mvua.

20 Oktoba

Kigae cha mwisho cha sakafu kimelala mahali pake. Kijivu chepesi, kama ulivyotaka. Maji yanateremka kwenye tundu yenyewe, taratibu, kama watu wanaotoka ibadani.

24 Oktoba

Unyevu hautoki. Madirisha yanatokwa jasho. Mfuko wa gundi unasema joto la sakafu lisiwashwe kabla ya majuma manne, na nimeusoma kwa miwani yote miwili. Lakini majuma manne, pamoja na kujaza mianya na kusubiri ukaguzi, yanatufikisha ukingoni kabisa mwa Novemba. Nilikutana na Arvid kwenye masanduku ya barua.

“Si uwashe joto tu?” alisema. “Kila kitu kwetu tunakikausha sakafuni. Glavu, buti, soksi. Mwana-kondoo wa ndugu yangu alizaliwa kwenye theluji, tukamlaza bafuni, kesho yake anaruka juu ya choo.”

Ni kweli. Hata mimi sijui njia nyingine ya kukausha kitu kisiwani hapa. Nimewasha joto.

29 Oktoba

Bafu ni kavu na lina joto. Nilisimama humo na soksi nikashukuru. Nimekupigia simu. Nilisema urudi Jumamosi tarehe nane, ukaguzi ufuate, ikabidi niseme mara tatu, na ulipoelewa ulisema, “Saa nne asubuhi nitakuwa nimevaa koti.” Sikuwa nimesikia sauti yako hiyo tangu Juni.

7 Novemba

Dada, naandika haya kwa sababu nimeahidi kuandika kila kitu.

Leo mchana nilikuwa nikipiga deki kwa ajili ya kesho. Kitanda chako nimekitandika, na samaki nimemtoa kwenye friza. Mpini wa deki uliniponyoka ukaanguka sakafuni, na sauti iliyotoka haikuwa ya sakafu. Ilikuwa ya sanduku tupu. Nilipiga magoti nikagonga kigae kwa kifundo cha kidole. Tupu. Nikagonga cha pili yake. Tupu. Nilitambaa kutoka tundu la maji hadi mlangoni nikigonga kila kimoja kama mtu anayebisha hodi katika nyumba zilizohamwa, na karibu vyote vilijibu vivyo hivyo.

Niliingiza kisu cha jikoni kwenye mwanya. Kigae kilinyanyuka bila kupinga, kizima, kisafi mgongoni. Gundi chini yake ilikuwa unga. Haikuwahi kushika. Joto liliinyonya maji kabla haijapata nafasi ya kuwa kitu. Nilikuwa nimeioka kama mkate.

Naomba radhi kwa yafuatayo. Nilikaa juu ya choo nikamlaani Arvid kwa jina lake lote. Kisha nikakumbuka ni nani aliyesoma mfuko.

Nimejiuliza kama tungeweza kukuleta hivyo hivyo. Nimeweka uzito wangu kwenye kigae kimoja karibu na bomba la mvua. Kimeteleza. Mimi nina ukuta wa kushika na nyonga nzima. Wewe huna.

8 Novemba

Nilipiga simu saa mbili asubuhi, nikidhani ni mapema.

“Mzee, yuko kwenye korido,” muuguzi aliniambia. “Ameamka gizani. Amevaa koti na kofia, na sanduku ameliweka mapajani, hataki tulishike. Ngoja nimpe simu.”

Nilisikia ukipumua. Nilisema, kwa sauti ya kawaida, kwamba nasikitika sana, kwamba sakafu imeachia, kwamba ni kosa langu na si la mtu mwingine, na kwamba hakuna ninalolitamani zaidi ya kukuona kwenye kiti chako.

“Sikusikii,” ulisema. “Feri ni ya saa ngapi?”

Nikasema tena.

“Ommund, paza sauti! Feri ya saa ngapi?”

Ndipo nikapiga kelele. Dirisha la jikoni lilikuwa wazi kwa sababu ya moshi wa samaki, na nilipiga kelele hadi kunguru wakaruka kutoka kwenye beseni: “Huwezi kuja! Usije!”

Hayo ndiyo maneno yaliyokufikia. Mengine yote niliyasema kwa sauti ya chini, kama mama alivyotufundisha. Simu ikarudi kwa muuguzi, na alipozungumza alikuwa ameipunguza sauti yake. “Anavua kofia,” alisema.

9 Novemba

Nimepiga simu. Umesema niambiwe una shughuli.

10 Novemba

Mvua. Una shughuli.

Arvid amesimama langoni, akatazama nyumba, akaondoka. Amekuja kutazama matunda ya ushauri wake.

11 Novemba

Mvua. Naoga kwenye sinki la jikoni. Mlango wa bafu nimeufunga kwa ufunguo, ingawa hakuna mwingine ndani ya nyumba.

Arvid tena langoni. Mtu huyu hana haya.

12 Novemba

Bi Unni amepiga simu. Kwa upole kabisa amesema kwamba huenda ingekuwa afadhali kwa wote nikubali chumba cha kudumu. Nilimshukuru. Sikukataa, dada. Naandika hili kwa aibu: sikukataa.

Arvid langoni, mara ya tatu. Safari hii alivua kofia, akairudisha kichwani, akashuka kwake.

13 Novemba

Leo nimefanya jambo ambalo sikuwahi kulifanya tangu baba afariki. Nimebisha hodi kwa mtu kuomba msaada.

Unajua tulivyo hapa. Mtu haingii kwenye kazi ya mwenzake bila kuitwa, maana kuingia ni kumwambia ameshindwa. Na mwenye kazi haiti, maana kuita ni kuwasumbua watu. Kwa namna hiyo tunaweza kukaa mita mia moja mtu na mwenzake, kila mmoja akimstahi mwenziwe, mpaka mmoja azikwe. Nilikuwa nimetayarisha maneno njiani na nikaanza kuyasema kwenye kizingiti chake: kwamba naomba radhi kwa usumbufu, kwamba najua ana mambo mengi, kwamba asione vibaya iwapo haiwezekani.

“Mchungaji, sema amina,” Arvid alisema. “Unataka nini?”

“Nakuomba unisaidie. Sakafu imeachia yote. Sina nguvu za kuibomoa.”

Nilitazama chini kwa haya, na ndipo nilipoona miguu yake. Alikuwa amevaa buti za kazi, zimefungwa kamba hadi juu, ndani ya nyumba, juu ya zulia, jambo ambalo hapa halifanywi na mtu mwenye akili timamu.

“Nimezivaa tangu Jumamosi,” alisema. “Nilikusikia ulivyopiga kelele kwenye simu. Nyumba zote hadi gatini zilikusikia. Nimekuja langoni kwako mara tatu.”

“Mbona hukuingia?”

“Kwani uliniita?”

Shingo yake ilikuwa nyekundu.

“Na lile neno langu la mwana-kondoo…” alianza.

“Mfuko niliusoma mwenyewe,” nilimwambia. “Naomba tusilizungumze tena.”

“Haya. Basi sogea, unaniziba mlango.”

14 Novemba

Tumebomoa. Arvid anabomoa vigae kama mtu mwenye kisasi navyo, lakini anapokaribia utando anapunguza mkono na kuuma ulimi. Magoti yake ni mabovu kuliko yangu. Alipotea saa sita, akarudi amebeba mito ya viti kutoka nyumba ya sala, mikono miwili imejaa. Hajakanyaga humo tangu kipaimara chake.

“Nimemwambia mlinzi ni kwa ajili ya kupiga magoti,” alisema. “Alikaribia kulia kwa furaha.”

Nilicheka. Nilijisikia nikicheka, nikashangaa ni nani.

16 Novemba

Tumeziba utando palipochanika. Mvua imesimama saa nzima.

Sasa habari mbaya, nayo naomba uipokee umekaa. Vigae vya kijivu vingi vimepasuka, na duka halina tena aina hiyo. Vilivyopona vinatosha pembeni tu. Arvid ana vigae stoo kwake, vilivyobaki alipojenga baraza. Ni vile vile, dada. Vya kahawia.

“Bado ananichukia?” aliniuliza akiwa amevishika.

“Kwa sababu ya sigara?”

“Kwa sababu ya baraza. Alisema mbele ya watu kwamba lina rangi ya mchuzi uliolala.”

Nilimwambia sikumbuki. Nakumbuka vizuri sana.

19 Novemba

Kazi imekwisha. Kutoka mlangoni hadi chooni, na kutoka chooni hadi chini ya bomba la mvua, kuna njia ya kahawia katikati ya kijivu, kama ng’ombe amepita. Si pazuri. Kigae kimoja karibu na tundu kimepinda kidogo, na ni mimi niliyekibandika.

Arvid alinyoosha kidole kwenye swichi ya joto. Nami nikamwonyesha mfuko. Tumebandika karatasi juu ya swichi: *Desemba, si kabla.*

20 hadi 26 Novemba

Tunasubiri ikauke kwa baridi yake. Kila asubuhi Arvid anakuja bila kuitwa, anagonga vigae viwili vitatu kwa kidole, anasikiliza, anakunywa kahawa. Sidhani kama yupo anayejua anachosikiliza. Wewe una shughuli.

27 Novemba

Bi Unni amekuja. Alisukuma fremu tupu ya kutembelea kutoka ukumbini hadi bombani, akaigeuza, akarudi. Alimwaga ndoo. Maji yalikwenda tunduni. Alikanyaga kila kigae cha njia ya kahawia, na kile kilichopinda akakikanyaga mara mbili.

“Nani alichagua rangi?” aliuliza.

“Hiyo ndiyo inayotoka sasa huko Italia,” Arvid alimjibu.

Kisha Bi Unni akapitisha kiganja ukutani, kwenye mistari yangu ya Septemba. “Kazi safi sana hii. Lakini kuta mimi siangalii, mzee. Zingekuwa mbao nyuma ya pazia la plastiki ningepitisha. Ungeniuliza tu.”

Sikuwa nimemwuliza. Sikutaka kumsumbua.

Amepitisha hadi Pasaka, kisha atakuja tena kupima. Lakini amesema pia kwamba neno la mwisho ni lako, na kwamba Jumatatu chumba cha huko kinakuwa chako kwa kudumu usiposema kitu. Nimepiga simu. Muuguzi alikuandikia kwa herufi kubwa kwamba bafu limepita. Nikamwuliza umesema nini.

“Amesoma,” alisema. “Amekunja karatasi.”

29 Novemba

Dada Borghild, shajara inakomea hapa.

Unajua sasa kila kitu. Sakafu itakuwa baridi hadi Desemba ifike katikati, kwa sababu safari hii nitautii mfuko. Ina rangi uliyoidharau mbele ya watu. Imeruhusiwa hadi Pasaka tu, na sikuahidi zaidi, kwa kuwa niliwahi kukuahidi tarehe ukakaa kwenye korido umevaa kofia, na hilo nitaendelea kuliona kila nitakapofumba macho. Nilikwambia kwa sauti kubwa usije. Sasa naandika kwa herufi kubwa, ili yeyote asipunguze: NAKUOMBA UJE. Soksi za sufu ziko juu ya kitanda chako. Nyota ya Majilio, ile ya dirishani, sijaitundika, kwa kuwa wewe ndiye unayejua ndoano yake.

Sitapiga simu leo. Nitakuwa kwenye dirisha la jikoni feri ya jioni itakapotia nanga, na gari likikata kona kwenye masanduku ya barua nitaona kama limebeba kichwa kimoja au viwili. Kama ni kimoja, nitakushukuru kwa kusoma, nami nitakuja kwako kila Jumamosi kwa muda wote utakaoruhusu.

Anayekuletea barua hii ni Arvid. Yuko mlangoni kwako sasa hivi, na amenyoa. Ameniambia hataingia usipomwita, na hataondoka kabla ya feri ya mwisho. Tafadhali usijisumbue kumkaribisha kiti. Amezoea kusubiri akiwa amevaa viatu.

Ni mimi mdogo wako mtiifu,
Ommund